Boti za mzee na wanawe, Malindi ya Unguja mpaka Pemba: mzigo unafika, ila turubali njoo nalo mwenyewe

Nimechoka kuulizwa kwenye simu, hasa na nyie wenye maduka Konde na Micheweni, ati saruji yangu naileta na nani mbona haikosekani hata pale wengine wote washaishiwa. Basi naandika yote hapa kwa pamoja. Jina la kampuni sitii, mna manung'uniko yangu humu ndani na sitaki kesho nikiingia gatini nitazamwe jicho la pembeni. Anaepakia Malindi ataijua tu, ukisema boti za mzee na wanawe hapana hamali atakaekuuliza mzee gani.

Mie nna duka la vifaa vya ujenzi Wete, saruji, nondo, bati, misumari, rangi kidogo. Nimeanza kupakia kwao 2013. Mnakumbuka hali ilivokuwa siku zile, meli ya Spice Islander imezama Septemba 2011 nje ya Nungwi ikija huku huku kwetu, hata mwaka haujatimia Julai 2012 ikazama Skagit karibu na Chumbe, Pemba nzima ilikuwa tanga moja. Meli mpya ya serikali, Mapinduzi II, imekuja mwisho wa 2015, ile ya abiria 1,200 na tani 200 za mizigo, kwa hiyo hapo katikati sie wafanyabiashara tulikuwa tunapakia popote penye nafasi na kuomba dua.

Wakati huo mzee alikuwa na mashua moja ya mbao, mashine moja, mabaharia wanne na wawili kati yao wanawe wa kuwazaa. Kwenda Unguja anapakia ndizi, machungwa, mbata, kurudi unga, sukari, saruji, na pakibaki nafasi hata kabati la bi harusi anakuletea. Karani alikuwa mkewe, bi mkubwa. Hana kompyuta hana nini, ana daftari la skuli na kalamu ya wino mwekundu, na kila mzigo anauandika na alama yake. Huku kwetu mnajua kila nyumba ina Hamad, sasa yeye hakuwa anaandika Hamad peke yake, anaandika Hamad wa bati, Hamad wa Wesha mwembamba, Hamad alokwenda Oman, na kwenye gunia anafunga uzi wa rangi. Mie nlikuwa uzi wa kijani. Miaka mitatu sijapotelewa na hata kopo la rangi, wallahi.

2016 wakanunua boti la chuma lenye mlango mbele, lile linasogea mpaka ufukweni likabwaga mlango na gari ikashuka. Mtoto mkubwa alikuwa karudi kutoka Dar kusoma ubaharia kwenye chuo cha DMI na vyeti vyake vimetimia, ndo alomshawishi baba yake wakauza shamba. Lile boti mie nalipenda mpaka kesho. Maji yakiwa makubwa linaingia Wete penyewe, mzigo unatoka gatini mpaka dukani kwangu kwa kigari cha mkono, nusu saa kwisha kazi.

Halafu 2021 ndo wakaleta hili kubwa. Limetoka Ghuba, mtumba, lilikuwa likihudumia visima vya mafuta huko. Siku limeingia Malindi tulikwenda kulitazama kama mtu anaetazama harusi. Nyumba ya nahodha imepanda huko mbele kabisa juu ya omo, na kuanzia katikati mpaka tezi, yaani nyuma kabisa, hapana kitu, sitaha tupu ya mbao nene, unaweza ukapiga mpira wa watoto pale. Wengine wakasema limekatwa, wengine wakasema halijamalizwa.

Alonifahamisha ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Yeye ni baharia, alikuwa Mtwara zile siku za 2012 na 2013 kampuni za BG na Statoil zilipokuwa zinatafuta gesi kwenye maji makuu, huko kina kinapita mita 2,000, mtambo wa kuchimbia umekaa katikati ya bahari na kila kinachotumika juu yake, bomba, dizeli, maji ya kunywa, mpaka kitunguu cha mpishi, kinapelekwa na boti za sura hii hii kutoka gatini. Anasema mtambo ukikosa boti siku mbili tatu unasimama, na kusimama kwake ni pesa ya kutisha, kwa hiyo boti ndo roho ya kazi ingawa anaepigwa picha ni mtambo.

Akanipa na hadithi yake, mie napenda hadithi. Ati Wamarekani wa Louisiana walipoanza kuchimba mafuta baharini walikuwa wanatumia boti za kuvulia kamba (kamba wa kula, sio wa kufungia) na vyombo vya kijeshi vilobaki baada ya vita vya pili. Shida yake kwenye boti la kawaida nyumba iko nyuma au katikati, mabomba marefu utayalaza wapi. Ndo katikati ya miaka ya 1950 akatokea bwana mmoja Alden Laborde, mwenyewe alikuwa mwanamaji wa jeshi zamani, akaunda chombo kinaitwa Ebb Tide, nyumba akaisukuma mbele kabisa na nyuma kote akapaacha wazi, na kampuni yake ikawa Tidewater ambayo ipo mpaka leo. Tangu hapo boti za kazi hiyo dunia nzima zina sura hiyo, kwa hiyo hili letu halijakatwa, ndivyo lilivozaliwa.

Na huko huko Louisiana, kwenye kijiji kinaitwa Galliano, kulikuwa na mvuvi wa kamba jina lake Edison Chouest, 1960 akaacha nyavu akaanza kuhudumia watu wa mafuta. Mtu mmoja na familia yake. Miaka ya 1970 wakaacha kuundiwa boti na watu, wakafungua kiwanda chao wenyewe, na 1992 kikatoka na meli ya kuvunja barafu, Nathaniel B. Palmer, ilokuwa ikichukua wataalamu wa utafiti kule ncha ya kusini ya dunia. Mzee kafa 2008, mwanawe Gary ndo kaishika, boti ni mamia, na bado ni mali ya nyumba, haikuuzwa hisa kwa kila mtu.

Mie kusikia hivo nkasema basi mzee wetu ndo Chouest wa Pemba. Shemeji akacheka, akasema ngoja kwanza nikaone wanavopakia. Na hata hao wenyewe, akasema, bahari haikuwaheshimu, walikuwa na boti lao la nguvu kweli kweli linaitwa Aiviq, jipya kabisa, Desemba 2012 linavuta mtambo wa Kulluk nje ya Alaska na dhoruba imekaza, cha kuvutia kikaachia, kisha injini zote nne zikazima. Watu 18 wa kwenye mtambo wakatolewa kwa helikopta, na usiku wa kuamkia mwaka mpya mtambo ukakwama karibu na ufukwe. Hakufa mtu. Lile boti sasa wamelinunua walinzi wa pwani wa Marekani, 2024.

Haya tuje kwenye saruji yangu.

Julai ya mwaka juzi karafuu zilikuwa zinaanza, na kila mwenye mikarafuu anapiga hesabu ya kumalizia nyumba, nkaagiza mifuko 300. Boti la mlango lilikuwa limepandishwa linapigwa rangi, basi nkawekwa kwenye hili kubwa. Mifuko ikapangwa juu ya sitaha, nyuma kabisa, ikafunikwa turubali moja ambalo mie mwenyewe nliliona lina tundu la kupita kichwa cha mbuzi. Nkasema hili mbona bovu, serehangi, mkuu wa mabaharia, akanambia usihofu baba, bahari leo nzuri. Bahari ilikuwa nzuri Malindi. Walipotoka Nungwi kusi limewakamata, na kilichofika Mkoani ni mifuko 236 mizima na 64 mawe. Si kwamba imenata kidogo, mawe, unaweza kujengea msingi na mfuko wake.

Shemeji alinifahamisha vizuri kuliko mtu yeyote wa ofisini. Boti hili tezi yake iko chini, karibu na maji, makusudi. Sasa kusi linavuma kutoka kusini na wewe unakwenda kaskazini, maana yake mawimbi yote yanakufata nyuma, yanapanda tezi na kuosha sitaha. Huko kwao hapana shida kwa sababu juu ya sitaha wanaweka makontena, vikapu vya chuma na mabomba, vitu visivojali maji. Saruji haikai juu hata siku moja! Inakwenda ya unga, bila mifuko, kwenye matangi yaliomo ndani ya tumbo la boti, na ikifika inasukumwa kwa upepo kupitia mpira mpaka kwenye mtambo. Dizeli ina tangi lake, maji ya kunywa lake, tope la kuchimbia lake. Kwa hiyo mwenye boti hili akilipakia kama jahazi, magunia juu na turubali juu yake, anatafuta hasara. Jahazi lina ngama, yaani tumbo la kuwekea mzigo, hili halina. Ndo maneno yake hayo, na mie sijapata mtu wa kuyapinga.

Nkaenda ofisini. Ofisi yenyewe sasa iko ghorofani Malindi, ina kiyoyozi na mashine ya kukupa namba. Kijana wa watu kanipokea kwa adabu, shikamoo baba, karibu baba, jaza fomu baba. Nkajaza. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu napata meseji "Ndugu mteja mzigo wako umefika salama, ahsante kwa kutuchagua." Nkadhani wamenifidia. Kumbe ni mzigo wa Hamad mwengine, sistimu haijui Hamad wa bati wala Hamad mwembamba, na kopo zangu 12 za rangi za safari ya nyuma yake nlikuja kuzikuta Wesha kwa mtu ambae keshapaka ukuta mmoja. Tulicheka, kanilipa, lakini jamani.

Mwisho nkaamua kwenda kwa mzee mwenyewe. Ijumaa baada ya sala nlimkuta barazani kwake na kahawa yake, nkamwamkia, nkakaa, tukazungumza kwanza mvua, karafuu, ugonjwa wa jirani, mpaka akaniuliza mwenyewe, "Mwanangu, nasikia saruji yako imekuwa jiwe?" Nkamweleza. Hakusema kitu, akamwita bi mkubwa. Na bi mkubwa, mashallah, katoka ndani na daftari. Bado anaandika! Wanawe wana kompyuta tatu ghorofani na yeye kila jioni anapigiwa simu na serehangi anasomewa mzigo wote na anauandika kwa wino mwekundu. Akafungua, akaweka kidole, "Hamad wa bati, saruji 300, juu, tezi. Nliwaambia msiiweke tezi." Mzee akamtazama mkubwa wa wanawe, yule kijana mwenye vyeti, kijana akatazama viatu.

Nlilipwa siku ile ile, mifuko 32 kwa fedha taslimu na 32 iliobaki ikawa safari za bure. Fomu yangu naamini mpaka leo iko kwenye tray ghorofani.

Sasa ubaya mwengine ambao unanikera kuliko saruji. Tangu boti kubwa lije, wateja wao wakubwa ni mahoteli, hasa yale ya kwenye visiwa vidogo na fukwe za mbali zisizo na barabara ya maana. Na hapo nakubali, hapo ndo boti linafanya kazi liloumbiwa: maji matamu kwenye tangi lake, dizeli kwenye tangi lake, mboga na nyama kwenye kontena la barafu juu, linakwenda, linapiga mpira, linamwaga, linarudi. Safi kabisa. Lakini hoteli inalipa kwa mwezi, inalipa kwa dola, na mie mwenye mifuko 300 nalipa siku ya kupakia kwa shilingi zilokunjwa. Kwa hiyo hoteli ikipiga simu imeishiwa maji, safari yangu ya Jumatano inakuwa ya Ijumaa. Imenitokea mara nne tangu mwaka jana na hapana hata moja nloambiwa mapema, nafika gatini na Fuso ya kukodi ndo naambiwa. Kodi ya Fuso hawarudishi.

Na hili kubwa halifiki Wete, kina hakitoshi likiwa na mzigo, linashusha Mkoani tu. Bei yao ya baharini nzuri, mara ya mwisho mfuko wa saruji walinichaji 2,000, ila ukiwa wa kaskazini piga hesabu na gari ya kutoka Mkoani upite Chake ndo ufike Wete au Konde, unakuta ile nafuu imeishia barabarani. Ukiwa wa Mkoani, Kengeja, Mtambile, wewe pakia kubwa usifikirie mara mbili. Ukiwa wa kwetu subiri la mlango na upige simu kujua maji yakoje, maji yakiwa mafu, madogo, haliingii.

Mbona basi bado napakia kwao. Shoga mmoja wa mke wangu mwenye duka la jumla kaniuliza hivo hivo. Nampa jibu lile lile: tangu ile mashua ya mbao mpaka leo sijawaona wamezidisha mzigo. Sijawaona. Boti lina mstari wake ubavuni na mstari ukigusa maji mzee anasema basi, hata kama kilichobaki gatini ni cha kaka yake. Abiria hachukui, hata mmoja, hata uwe mgonjwa umempigia magoti, anakwambia katafute meli ya abiria, hizi za mizigo. Nliwahi kumwona anamshusha mpwa wake mwenyewe aliejibanza nyuma ya magunia ya unga anataka kuja kula Idd. Na kusi likiwa baya safari hapana, mwaka jana kabla ya Idd kubwa nlikuwa na bati za mteja ambae keshalipa na mafundi washafika, boti limekaa Malindi siku tano, nkampigia mzee simu kwa hasira na maneno nlosema sitayaandika, akanisikiliza mpaka mwisho akasema "Bati zako kavu, mwanangu." Akakata. Mteja kaenda kununua kwa mwengine, pesa nkamrudishia, hasara nkala. Bati ziko dukani bado, mwenye kuzitaka geji 30 za bluu aje.

Wahudumu wa gatini wazuri, wale wa ghorofani wana adabu tu. Risiti unapata. Mizigo ya vioo na vigae wanaipanga vizuri kwa sababu serehangi aliepo sasa alikuwa fundi seremala. Simu ya ofisi haipokelewi baada ya saa nane, piga ya bi mkubwa ukiwa nayo, na ukiwa huna usiniombe mie.

Kuhusu matangi ya saruji, nlimwuliza yule kijana mkubwa siku moja tumekaa kwenye gati, mbona yale matangi ya unga chini hamyatumii, mkalete saruji isokuwa na mifuko tukafungashe huku. Akasema yamefungwa tangu Ghuba, mashine ya upepo imekufa, na Mkoani hapana pa kuipokea hata wakiileta. Ila anayafikiria. Baba yake anataka boti la pili la mlango, yeye anataka mashine ya upepo, na bi mkubwa anataka wote wawili wanunue maturubali.

Mie niko upande wa bi mkubwa. Nawapa 7 kwa 10, ilikuwa 9 zama za uzi wa kijani. Jumatano inshallah napakia mifuko 200 na nondo, nimeshasema nondo ziwekwe tezi na saruji ije katikati karibu na nyumba ya nahodha, na turubali nimenunua langu Darajani, zito, halina tundu, na jina nimeliandika kwa rangi nyekundu ubavuni: HAMAD WA BATI.